Laptop ya Wingu Inatosha, Ila Chimba Lambo Kwanza

Agosti 2024 nilikuwa likizo nyumbani, Mhunze. Jioni moja baba mdogo alikuja, tukasalimiana, akavuta stuli, akanywa maji, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria mpaka leo. Binti yake alikuwa ameomba chuo, kozi ya ualimu, na matokeo yake ya kidato cha sita yalikuwa mazuri. Mzee alikuwa na dume moja la kupeleka mnadani. "Mwanangu, wewe ndiye unayevijua hivi vitu. Huyu mdogo wako anunuliwe nini, asije akawa nyuma ya wenzake?"

Wanaonifahamu hapa Dodoma wanajua kwamba mimi siulizwi swali la namna hiyo nikanyamaza. Mimi ndiye yule anayekesha akitazama uzinduzi wa simu ambazo hana mpango wala uwezo wa kuzinunua. Ukinikuta kantini nabishana, basi ni kuhusu betri, kioo au prosesa. Siku nyingine ningemwaga ushauri pale pale. Safari hii nilisita, kwa sababu dume lenyewe nilikuwa naliona zizini. Nikikosea, hakuna wa kumrudishia baba mdogo ng'ombe wake.

Alikuwa ameshapata ushauri tayari. Muuzaji mmoja wa Kahama alimwambia mtoto wa chuo lazima awe na "i5", na kwamba anayo moja safi kutoka Dubai kwa shilingi 650,000. Baba mdogo hakujua i5 ni nini, ila alijua kwamba mtu aliyeitamka aliitamka kwa kujiamini.

Ninaandika makala hii kwa sababu mwezi wa kumi unakaribia tena, wadogo zetu watakuja, na sisi ndio tutakaoulizwa. Msimamo wangu ni huu: kwa wengi wetu, laptop ndogo inayofanya kazi kwa wingu pamoja na simu nzuri ya bei ya kawaida ni bora kuliko laptop kubwa ya mtumba. Lakini kuna sharti moja ambalo muuzaji hakwambii, na sisi mashabiki wa vifaa huwa tunaliruka: iandaliwe kufanya kazi siku ambayo intaneti haipo.

Laptop ya wingu ni nini hasa? Inayojulikana zaidi ni Chromebook, ambazo Google na watengenezaji wake walianza kuziuza mwaka 2011. Kwa macho ni laptop kama nyingine. Tofauti yake ni kwamba karibu kazi yote inafanyika ndani ya kivinjari, na mafaili yako yanakaa kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, siyo kwenye mashine iliyo mapajani mwako. Kwa kuwa mzigo mzito unabebwa kwingine, mashine yenyewe haihitaji prosesa kubwa wala diski kubwa. RAM ya GB 4 inakwenda, ya GB 8 inatulia. Inawaka kwa sekunde chache, betri inakaa, na ikiibiwa au ikiangukiwa na chai, utafiti wako haufi nayo. Unaingia kwa akaunti yako kwenye kompyuta ya rafiki na unaendelea pale ulipoishia. Kila mtu hapa chuoni anamjua mwanachuo mmoja aliyepoteza tasnifu kwa sababu ilikuwa kwenye flashi moja tu.

Hiyo ndiyo sifa yake. Sasa nieleze nilivyoumbuka.

Yangu niliinunua used, kwa bumu langu la kwanza, nikaisifia kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Mwaka 2023 nikaenda nayo fildi wilayani kwetu Kishapu. Ripoti niliiandika yote kwenye wingu, kurasa 34. Siku mbili kabla ya kuituma nilikuwa nyumbani, bando likaisha usiku, na asubuhi mtandao ukawa unasuasua. Nikafungua laptop, nikabonyeza ripoti yangu, ikanijibu kwamba haipatikani bila mtandao. Kurasa zangu 34 ziko hewani, mimi niko chini. Nilizunguka Mhunze na ile mashine kwapani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Mwishowe nilikaa nje ya stesheneri moja karibu na stendi, nikanunua vocha ya kuazima, nikaunganisha hotspoti ya simu na kuimalizia ripoti hapo hapo, jua likiniwaka utosini.

Kosa halikuwa la mtandao peke yake. Lilikuwa langu. Google Docs ina kipengele cha kufanya kazi nje ya mtandao. Unakiwasha mara moja ukiwa na intaneti, unachagua mafaili unayoyataka yabaki ndani ya mashine, basi. Ukiandika bila mtandao inahifadhi, ukipata mtandao inapandisha yenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nikitumia wai-fai ya chuo na sikuwahi kukigusa, kwa sababu sikuwa nimewahi kukihitaji.

Sisi wa Kishapu ndio tulipaswa kujua mapema kuliko wengine. Kwetu mvua ni ya kubahatisha. Wingu linaweza kutanda juu ya Mhunze tangu asubuhi, wanawake wakaanua nguo, halafu likapita likaenda kunyesha kwingine. Ndiyo maana watu wanachimba malambo. Hakuna mfugaji wa Usukuma anayetazama wingu akasema ng'ombe wake wameshakunywa. Maji ni yale yaliyomo lamboni.

Na msidhani hili ni tatizo la Mhunze tu. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nilikuwa hapa hapa Dodoma, mwaka wa pili. Waliokuwa na i7 na waliokuwa na vitochi tulikaa wote tukitazama kile kiduara kinachozunguka. Lakini nilikuwa nimeshajifunza: noti zangu zilikuwa ndani ya mashine, asaimenti nilikuwa nayo, nikaandika.

Kwa hiyo lambo la mwanachuo ni mambo machache tu. Washa kipengele cha nje ya mtandao siku ile ile unayonunua laptop. Kila Ijumaa, ukiwa kwenye wai-fai ya maktaba, shusha noti za wiki kwa PDF, usiache viungo tu kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya kupanda basi la kwenda nyumbani, zima data kwa dakika tano kisha jaribu kufungua kazi zako zote. Isiyofunguka, ishughulikie ukiwa bado chuoni. Weka pia nakala ya tasnifu kwenye flashi. Na kumbuka kwamba GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Ukizijaza kwa video za sherehe ya mahafali ya kaka yako, barua pepe za msimamizi wako hazitaingia.

Nirudi kwa baba mdogo na i5 yake. Nilimwomba aniulizie ni ya kizazi cha ngapi. Jibu likaja: cha sita, Windows 10. Hapo ndipo ilipo shida. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kuanzia kizazi cha nane. Mashine hazikuzimika siku hiyo, lakini viraka vya bure vya usalama vilikoma kuja kwa kawaida yake. Nyingi ya laptop hizi zinaachwa na maofisi ya Ulaya na Marekani, na mtazikuta Kariakoo na Kahama zimepigwa polishi. Kununua mwaka huu kwa 650,000 kitu ambacho mwenyewe anakitupa kwa sababu hiyo, na hujui sababu, ndiyo kuliwa kwenyewe.

Kwa mwenye mashine ya namna hiyo tayari, usiitupe. Tangu 2022 Google wanatoa bure ChromeOS Flex, inayoweza kuwekwa kwenye laptop nyingi za zamani na kuzigeuza kuwa za wingu. Nimemsaidia mwenzangu wa chumbani kuiweka kwenye laptop aliyokuwa anaitumia kama trei ya kuwekea vikombe. Sasa anaandikia asaimenti.

Lakini Chromebook za mtumba nazo zina mitego, tena miwili mikubwa.

Wa kwanza ni tarehe. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Mwaka 2023 Google walitangaza kuongeza muda huo kufikia miaka 10, lakini unahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka kiwandani, siyo tangu wewe ulipolipa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, uisome mbele ya muuzaji. Kozi yako ni ya miaka mitatu na mashine imebakiza miezi minane? Rudisha mezani.

Wa pili ni mwenye mali. Chromebook nyingi zilikuwa za shule za Marekani, na shule huzifunga kwa akaunti yake. Duka linaifuta, inaonekana mpya, unafika nayo hosteli, unaunganisha wai-fai, inakwambia inasimamiwa na shule fulani na kudai akaunti ya huko. Hata ukiifuta mara kumi, itarudi pale pale. Nimemwona binti wa mwaka wa kwanza akilia kwa hilo. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kutoa hela, washa hotspoti yako, ianzishe mwanzo mpaka mwisho kwa akaunti yako mwenyewe, pale pale dukani. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Kuna wasiotakiwa kuinunua kabisa, na niseme wazi. Kama kozi yako inakudai AutoCAD, ArcGIS au SPSS iliyo ndani ya mashine, Chromebook siyo yako. Tafuta laptop ya Windows inayokubali Windows 11, hata kama ni kwa kuchangisha ukoo. Wa takwimu na wa kompyuta wana njia ya katikati: Python inaendeshwa bure kwenye Google Colab, R nayo inapatikana mtandaoni, lakini hapo bando ndilo linakuwa ada yako ya pili. Na hata sisi wa kuandika tu tujue kwamba faili la Docs likihamishiwa Word, majedwali na yaliyomo huweza kuvurugika. Usihamishe usiku wa kukabidhi.

Sasa simu. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, lakini nitajizuia.

Simu kwa mwanachuo ndiyo bomba linaloleta maji lamboni. Ndiyo hotspoti, ndiyo skana ya kurasa za kitabu cha maktaba kisichoazimwa, ndiyo benki. Kwa hiyo usinunue simu mbovu ili upate laptop nzuri. Lakini pia usidanganywe na boksi. Boksi likiandikwa "GB 16" soma maandishi madogo: mara nyingi GB 8 ni RAM ya kweli na 8 zimekopwa kutoka kwenye hifadhi. Za kukopa hazikimbii kama za kweli. Kamera ya megapikseli 108 haitakusaidia kusoma. Hifadhi ya GB 128, betri ya 5,000 na 4G inayoshika vizuri zitakusaidia. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI na uilinganishe na ya kwenye boksi. Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016, na wapo waliolala na simu wakaamka na kioo cha kujitazamia.

Kuhusu simu za mkopo za kulipa kila siku, sizipigi vita, zimewafikisha wengi. Ila jumlisha. Chukua malipo ya siku, zidisha kwa siku zote, linganisha na bei ya taslimu. Na jiulize simu itafanya nini siku bumu limechelewa. Rafiki yangu yake ilijifunga wiki ya UE, na noti zake zote zilikuwa humo.

Wengine wataniambia: kwani simu peke yake haitoshi? Wapo wanaomaliza shahada nzima kwa simu, na mimi nawavulia kofia. Lakini nimekaa nao kwenye diskasheni. Kazi ya kundi ikifika, mwenye laptop ndiye anayeandika, na anayeandika ndiye anayeamua. Mwenye simu anasema "andikeni tu, mimi nitachangia ya printi." Anapata alama zilezile, lakini mwaka wa tatu anakutana na tasnifu ya peke yake, na hajui hata kuweka namba za kurasa. Anaishia kumlipa mtu stesheneri. Hapo ndipo baba mdogo alipogusa bila kujua: kuwa nyuma ya wenzako siyo kukosa kifaa cha kujimwambafai, ni kufika mahali unaandikiwa mawazo yako.

Wengine watasema Serikali ishushe bei. Ingependeza. Ila kumbukeni bajeti ya 2021/22: VAT iliondolewa kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa, hoja ikiwa kwamba unafuu haukumfikia mnunuzi wa mwisho. Somo ninaloliona ni kwamba punguzo peke yake haliwezi kumfikia mtu asiyejua anachonunua. Kati ya bandari na Mhunze kuna mikono mingi, na kila mkono una njaa yake.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda karibu zaidi, kwa serikali yetu ya wanafunzi. Mambo matatu, hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, muombe utawala kila idara iandike kwenye maelekezo ya kujiunga kwamba kozi hii inahitaji programu zipi. Mistari miwili tu. Mzazi wa Maganzo au Katoro akisoma kwamba ualimu unahitaji kuandika na kusoma tu, hatauza ng'ombe wa pili kwa ajili ya i7.

Pili, wiki ya bumu la kwanza, wekeni meza nje ya ofisi zenu. Wanafunzi wa kompyuta wapo, wanajitolea kwa mambo mengi yasiyo na faida. Wakague laptop na simu za mwaka wa kwanza kabla muda wa kurudisha dukani haujapita.

Tatu, waombeni wahadhiri noti za PDF nyepesi pamoja na video. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula karibu GB nzima. PDF ya somo hilo hilo haifiki hata picha mbili za WhatsApp. Kwa anayepokea shilingi 10,000 kwa siku za kula na kulala, tofauti hiyo ni chakula cha jioni.

Dume la baba mdogo liliuzwa 850,000. Tulinunua Chromebook used kwa 330,000, yenye masasisho mpaka amalize kozi na akiba juu, tukaianzisha dukani mbele ya muuzaji huku ananuna. Simu mpya ya GB 128 ilikuwa 260,000. Kava, flashi na spika za masikioni, 30,000. Zikabaki 230,000 za nauli na bando. Baba mdogo alizihesabu mara mbili, akaniangalia. "Yaani chenji imebaki?" Nikamwambia hiyo siyo chenji, hiyo ndiyo intaneti, bila hiyo hivi vingine ni sinia.

Mdogo wangu sasa ameshamaliza mwaka wa kwanza. Walimu wa shule nyingi tayari wana vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo atakapoajiriwa hatashangaa kioo. Krismasi alikwenda nyumbani, na nilimpigia kumuuliza kama anaweza kufanya asaimenti kule. Akacheka. "Kaka, nimezima data tangu juzi. Nipo ukurasa wa nane."